Samani za Kijapani na Kiskandinavia: Faida ni ya anayejua kungoja mti

MWAKA jana mimi na mwenzangu tulihamia katika nyumba ya kupanga hapa Dar es Salaam, na kama ilivyo kawaida ya watu wanaoanza maisha, sebule ikatuumiza kichwa. Mwenzangu alikuwa ameona picha za mapambo yanayoitwa Japandi, yaani mchanganyiko wa Kijapani na Kiskandinavia. Kuta ni nyeupe au za rangi ya mchanga, meza ni fupi na haina nakshi, chini kuna mkeka, juu taa ya karatasi, na pembeni chungu kimoja chenye tawi moja. Vitu vichache, nafasi kubwa. Nilikubali upesi kwa sababu za kiuchumi, maana nilidhani vitu vichache ni gharama chache.

Nilikosea. Duka moja lilituuzia meza fupi ya mtindo huo kwa bei ambayo pale Keko ningepata meza mbili za mninga. Miezi minne baadaye maji ya kudekia yaliifikia miguu ya meza, ikavimba kama mkate uliotiwa hamira nyingi. Nilimwita fundi wa Keko. Aliigonga kwa kidole, akacheka.

"Kaka, hii siyo mbao," aliniambia. "Huu ni unga wa mbao na gundi. Juu wamebandika karatasi yenye picha ya mbao. Sina pa kupigia msumari."

Ndugu msomaji, mimi ni mchumi wa kilimo na ni mzaliwa wa Mufindi, mahali ambapo mti wa msindano ni zao kama mahindi. Kauli ile ya "picha ya mbao" haikuniacha nilale. Nilijiuliza, katika biashara hii kubwa ya mapambo, nani hasa anapata fedha? Ni mwenye duka, mchoraji wa meza, au mkulima aliyepanda mti na majani? Jibu nililolipata ndilo ninalotaka tulitafakari leo.

Ndoa ya zamani

Kwanza tuelewe kwamba mchanganyiko huu si jambo la jana, ingawa jina lake limevuma katika miaka ya karibuni. Denmark na Japani zilitiliana saini mkataba wa urafiki na biashara mwaka 1867, muda mfupi baada ya Japani kufungua milango yake kwa mataifa ya Magharibi. Mwaka 1885 kiwanda cha vyombo vya kauri cha Royal Copenhagen kilimpa Arnold Krog kazi ya kusimamia sanaa yake, naye akaanza kutumia waziwazi mafunzo ya wachoraji wa Kijapani. Mwaka 1976 Mjapani Noboru Nakamura, akiwa mfanyakazi wa kampuni ya IKEA ya Sweden, alibuni kiti cha kuegemea cha mbao nyembamba zilizogundishwa na kupindwa. Kiti hicho kinauzwa hadi leo kwa jina la POÄNG.

Watu hawa wa pande mbili za dunia walielewana kwa sababu wote walijifunza kuheshimu mbao kutokana na dhiki. Denmark ilikata misitu yake mpaka ikabaki asilimia chache tu ya ardhi yote, na mwaka 1805 serikali ikatunga sheria kali ya kulinda iliyobaki. Mwaka 1807 Waingereza waliushambulia mji wa Copenhagen na kuondoka na karibu meli zote za kivita. Wadenmark wakapanda miti ya mwaloni ili wajukuu wao wajenge meli nyingine. Leo, zaidi ya miaka 200 baadaye, miti ile imekomaa wakati meli za vita hazijengwi tena kwa mbao! Lakini mbao ipo, na mwaloni uliokomaa haukosi mnunuzi.

Kwa hiyo ule usafi wa macho tunaouona kwenye picha, meza isiyo na nakshi na kiti chenye miguu myembamba, haukuanza kama anasa. Ulikuwa ubanaji wa matumizi wa watu ambao kila ubao kwao ulikuwa na hesabu yake.

Mkeka unaolimwa jarubani

Sasa tuje shambani. Chumba cha asili cha Kijapani hutandikwa mikeka minene iitwayo tatami, yenye upana wa karibu sentimita 90 na urefu wa karibu sentimita 180. Hata ukubwa wa chumba hutajwa kwa idadi ya mikeka. Ukiambiwa chumba cha mikeka sita, umeshaelewa.

Uso wa mkeka huo hufumwa kwa mmea wa majani membamba uitwao igusa, ambao hulimwa katika majaruba kama mpunga. Sehemu kubwa sana ya igusa ya Japani hutoka mkoa wa Kumamoto, hasa eneo la Yatsushiro. Mkulima hupanda wakati wa baridi, huvuna Juni na Julai, huyachovya majani katika maji ya udongo maalumu ili yashike rangi na harufu, kisha huyakausha. Baada ya hapo familia ile ile hukaa kwenye mashine na kufuma. Haiuzi majani. Inauza mkeka uliofumwa.

Ungedhani kwamba dunia ikipenda vyumba vya Kijapani, mkulima wa Yatsushiro atatajirika. Imekuwa kinyume. Wajapani wenyewe wanajenga nyumba zenye vyumba vichache vya tatami, na mikeka ya bei nafuu imeingia kutoka China, mara nyingi ikiagizwa na wafanyabiashara wa Kijapani wenyewe. Mwaka 2001 mambo yalifika mahali pabaya. Mwezi Aprili Japani iliweka ushuru wa muda wa siku 200 kwa mazao matatu ya China, yaani vitunguu majani, uyoga wa shiitake na igusa. Mwezi Juni China ikajibu kwa ushuru wa nyongeza wa asilimia 100 kwa magari, simu za mkononi na viyoyozi vya Kijapani. Fikiria, ndugu msomaji, magari yanazuiwa bandarini kwa sababu ya majani ya mkeka! Desemba mwaka huo nchi hizo zilikubaliana kuyaacha malumbano, na ushuru haukuendelea.

Wakulima wa igusa wa Kumamoto walikuwa maelfu katika miaka ya 1980. Leo wamebaki mamia machache. Waliobaki wamenusurika kwa kukataa kushindana kwa bei ya chini. Walichagua mbegu bora kama Hinomidori, wakafuma mikeka ya daraja la juu, na wakaitilia lebo inayomtambulisha aliyeilima.

Funzo la kwanza ni hilo. Fasheni inaweza kupanda huku mkulima akishuka. Sifa za picha hazifiki shambani zenyewe, ni lazima mkulima azifuate kwa ubora na kwa jina lake.

Sheria, ushirika na subira

Kwa Waskandinavia na jirani zao Wafini, hadithi imekwenda vizuri zaidi, na sababu zake zinaeleweka. Tangu mwaka 1903 sheria ya Sweden inamtaka anayekata msitu ahakikishe miti inaota tena. Karibu nusu ya misitu ya nchi hiyo ni mali ya familia za kawaida, siyo serikali wala makampuni makubwa. Kusini mwa Sweden, wenye mashamba ya miti wapatao 50,000 wameungana katika ushirika uitwao Södra, na ushirika huo unamiliki viwanda vya kuchana mbao na vya rojo la kutengenezea karatasi. Mwenye miti anapouza gogo huko, faida ya kiwanda nayo inamrudia.

Pili, wanajua kungoja. Katika nchi zile za baridi msindano huchukua miaka 60, 80, hata zaidi ya 100 kabla ya kukatwa. Anayepanda hakati, hukata mjukuu wake.

Tatu, wameipa thamani mbao ya kawaida. Mwaka 1933 Alvar Aalto wa Finland alibuni kigoda cha miguu mitatu kwa mti uitwao betula, ambao huko umejaa kila mahali na huchomwa kama kuni za sauna. Alichobuni hasa ni njia ya kuupinda mguu wa mbao bila kuuvunja. Mwaka 1935 yeye, mkewe Aino na wenzao wawili walianzisha kampuni ya Artek, na kigoda kile kinauzwa mpaka sasa. Denmark nako, kiti alichobuni Hans Wegner mwaka 1949 kina kalio lililosukwa kwa mkono kwa kamba ya karatasi yenye urefu wa mita 120 hivi. Karatasi, ndugu zangu! Ni kamba ya karatasi, na watu huagiza kiti hicho kutoka kila pembe ya dunia.

Kwa hiyo anayenunua kiti kama hicho analipia zaidi ya mbao. Analipia mbao iliyokaushwa sawasawa, iliyopangwa madaraja, iliyopigwa randa na msasa bila kosa, na uhakika kwamba mtoto wake atakuja kukikalia. Mbao yenyewe ni sehemu ndogo ya bei. Lakini bila mbao iliyokomaa na kukauka, hayo mengine yote hayawezekani.

Miti ya baba

Hapa ndipo habari hii inapoingia nyumbani kwetu. Baba yangu ana ekari sita za misindano Mufindi. Miti ina miaka tisa. Wiki chache baada ya meza yangu kuvimba, alinipigia simu kuniambia kwamba dalali amefika na fedha taslimu na anataka kuchukua shamba zima. Mdogo wangu alikuwa amepata nafasi ya chuo na ada ilikuwa haijakamilika.

Nilipanda basi na daftari langu la hesabu. Nilimweleza baba hivi. Tuseme mti una kipenyo cha sentimita 15 sasa, na ukifika miaka 18 utakuwa na sentimita 30. Kipenyo kikizidi mara mbili, unene wa gogo unaongezeka mara nne, bado urefu hatujauhesabu. Mali inayozidi mara nne kwa miaka tisa inakua kwa karibu asilimia 17 kila mwaka. Sijui akaunti ya akiba ya benki inayolipa riba hiyo. Tena gogo kubwa linatoa mbao pana, ambazo bei yake ni nzuri, wakati mti mchanga unatoa mbao nyembamba zinazopinda.

Baba alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Hesabu yako nzuri, mwanangu. Lakini chuo kinafungua Oktoba. Mti unaweza kungoja, chuo hakingoji."

Nilikosa jibu. Na hapo nikaelewa jambo ambalo sisi wataalamu hatulisemi vya kutosha. Tunapenda kusema wakulima wanakata miti michanga kwa kukosa elimu. Si kweli. Mtu anayehitaji fedha ya dharura kijijini anaweza kukopeshwa kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi. Mti wake unakua kwa asilimia 17 kwa mwaka mzima. Mwenye akili timamu atakata mti. Familia ya Kiswidi inangoja miaka 80 kwa sababu haitegemei miti hiyo kulipia ada ya Oktoba. Subira yavuta heri, lakini subira nayo ina gharama, na lazima pawe na mtu wa kuilipa.

Tulikaa kikao cha familia. Tuliuza ekari mbili tu. Katika ekari nne zilizobaki tulipunguza miti dhaifu na kuiuza kama mirunda, jambo ambalo litaifanya iliyobaki inenepe. Ndugu tuliopo mjini tukachangia kiasi kilichopungua. Dalali aliondoka amenuna. Na mimi niliona aibu kimya kimya, maana bei ya ile meza ya unga wa mbao ingetosha kuokoa karibu nusu ekari ya miti halisi.

Tufanye nini?

Sisemi sasa watu wote wa Njombe na Iringa waanze kutengeneza viti vya Kijapani. Tumeshaungua mara nyingi kwa kukimbilia fasheni. Walioshuhudia bei ya vanila ikipaa mwaka 2003 na kuporomoka baadaye, au homa ya kufuga kware ya mwaka 2013 na 2014 kule Kenya, wanajua ninachosema. Wala sisemi mtu aung'oe mwanzi wake wa ulanzi ili afume vivuli vya taa. Fasheni ya Japandi itapita kama zilivyopita nyingine. Mbao kavu, iliyokomaa na yenye daraja haitapita, kwa sababu kila fasheni inaihitaji.

Kwanza basi, tukaushe mbao. Mbao nyingi za misindano zinachanwa na mashine za dingidongi leo na kesho ziko barabarani kuelekea Dar es Salaam zikiwa mbichi. Fundi wa Keko akiitumia mbao hiyo, meza inapinda na mteja anakimbilia duka la bidhaa za nje. Tanuri la kukaushia ni ghali kwa mtu mmoja, lakini kwa kikundi cha wachana mbao linawezekana. Hata banda la kivuli lenye mbao zilizopangwa kwa vijiti katikati ili hewa ipite ni bora kuliko lori la mbao mbichi.

Pili, tupange madaraja. Leo mbao safi na mbao yenye vifundo na nyufa mara nyingi zinauzwa kwa bei moja kwa futi. Asiyelipwa kwa ubora hana sababu ya kuutafuta.

Tatu, tuungane. Serikali ya Finland, nchi ile ile ya Aalto, iligharimia mradi wa Panda Miti Kibiashara katika mikoa ya Nyanda za Juu Kusini kuanzia mwaka 2014, na moja ya kazi zake ilikuwa kujenga vyama vya wakulima wa miti. Vyama hivyo visiishie kwenye miche na mafunzo. Viwe ndivyo vinavyojadiliana bei na mnunuzi, na hatimaye vimiliki mashine.

Nne, na hili ndilo kubwa, mabenki na mifuko ya hifadhi iangalie mti kama dhamana. Shamba lililopimwa, lenye miti iliyohesabiwa na kukatiwa bima ya moto, ni mali inayoonekana na inayokua. Mkopo wa ada wenye riba iliyo chini ya ukuaji wa mti, unaolipwa wakati wa mavuno, ungeokoa ekari nyingi kuliko semina kumi. Najua mabenki yataniuliza kuhusu moto na kuhusu hati za ardhi. Ni maswali ya haki, lakini yana majibu, na majibu hayo yatatafutwa tu endapo mtu ataketi chini kuyatafuta.

Mkonge nao uko katika mstari huo huo. Richard Hindorf aliuleta nchini mwaka 1893, na mwaka 1964 tulizalisha karibu tani 230,000. Leo mazulia ya mkonge ni sehemu ya kawaida ya sebule za mtindo huu, lakini singa zetu nyingi bado zinaondoka bandarini kama singa. Mkulima wa Yatsushiro angetushangaa. Yeye, pamoja na shida zake zote, hajawahi kukubali kuuza majani.

Kwako wewe msomaji unayepamba nyumba, ushauri wangu ni mfupi. Kama unapenda vitu vichache, nunua vichache kweli, lakini viwe vya mbao. Igonge meza kabla ya kulipa. Tazama ncha ya ubao uone kama mistari ya mti inaendelea au imekatika kwenye karatasi. Muulize muuzaji imetoka wapi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na ukiinama chini ya meza utaona kilichofichwa juu.

Mimi mwenyewe bado sina meza. Katika zile ekari mbili tulizokata nilichukua mbao chache na kumpelekea yule fundi wa Keko. Amekubali kunitengenezea meza fupi, isiyo na nakshi, kwa sharti moja kwamba mbao zikae kwanza bandani kwake mpaka zikauke. Nimemwambia nitasubiri.